Jinsi ya kuwazuia panya kuingia katika nyumba ya mbao na ghala la nafaka

MAHINDI yanapovunwa katika mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu kuanzia mwezi wa Oktoba, panya waliokuwa wakijilisha na kujificha humo msimu mzima hubaki bila chakula wala maficho. Hawafi kwa sababu hiyo. Huufuata mzigo uliotoka shambani, nao mzigo huo aghalabu umo ghalani au katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mkulima.

Katika maeneo ya baridi kama vile Nyandarua, Molo na Limuru, wageni hawa huja tena kati ya Juni na Agosti. Huo ndio wakati jiko la kuni huwaka tangu alfajiri, na nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabati huwa na joto ambalo halipatikani kwingineko bomani.

Jambo ambalo wengi hulifanya wasikiapo mikwaruzo usiku ni kukimbilia dukani kununua sumu. Sumu huwaua baadhi ya waliomo ndani, lakini mwanya walioupitia hubaki wazi, na baada ya majuma machache wengine huja kuzichukua nafasi zao. Kazi inayodumu ni ya fundi wa mbao wala si ya muuza dawa: kuutafuta kila mwanya, kisha kuuziba kwa kitu ambacho panya hawezi kukitafuna.

Hesabu ya gunia

Panya mkubwa wa nyumbani hula takriban gramu 25 za nafaka kwa siku. Ni punje chache tu mtu akizitia kiganjani, lakini kwa mwaka mmoja hufika kilo 9. Panya kumi kwa hivyo wanaweza kulimaliza gunia zima la kilo 90 katika muda huo, gunia ambalo pengine familia ilikuwa imelitegemea liivushe hadi mavuno mengine.

Hicho ni kile kinacholiwa tu. Kinachoharibiwa ni kingi zaidi. Panya hutoboa gunia kwa chini, nafaka ikamwagika na kuchanganyika na vumbi, mkojo, nywele na kinyesi. Panya mdogo mmoja huangusha vinyesi 50 au zaidi kwa siku moja, na hakuna mwanamke aliye na muda wa kuvichagua vyote kabla ya kupeleka mahindi kwenye kinu.

Kwa mkulima anayejiwekea mbegu hasara huwa ya namna nyingine. Panya hupenda kula kiini cha punje, mahali panapochipuka mmea. Punje iliyobaki huonekana karibu nzima, ila ikipandwa haioti.

Panya ni wa aina gani?

Kiswahili huwaita wote panya, ilhali tabia zao hazifanani, na asiyezijua huenda akaziba chini ilhali adui anapitia juu.

Panya mdogo wa nyumbani, ambaye wanasayansi humwita Mus musculus, ana uzito wa takriban gramu 20. Huishi bila kunywa maji mengi kwa kuwa hupata unyevu katika chakula chake, na kwa kawaida hatembei mbali na kiota, mara nyingi mita chache tu. Ukiona kinyesi chembamba chenye ncha kilicho kidogo kuliko punje ya mchele, ni chake.

Panya wa paa, Rattus rattus, ni mkubwa mara kadhaa kuliko huyo na mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili. Ni hodari wa kupanda. Hupitia kwenye matawi ya miti, nyaya za umeme na kuta zenye kukwaruza, na kinyesi chake hukaribia urefu wa sentimita moja na zaidi. Njia anayoitumia kila siku huacha alama nyeusi ya mafuta ya mwili kwenye mbao na boriti.

Wa tatu ni panya wa shambani, Mastomys natalensis, ambaye ndiye mharibifu mkuu wa mazao katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Jike lake huweza kuwa na chuchu hadi 24 na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, Tanzania, wamemchunguza kwa miaka mingi, wakabainisha jinsi idadi yake inavyofumuka kufuatana na mvua.

Wote huzaana kwa kasi. Mimba ya panya mdogo huchukua takriban majuma 3, huzaa watoto 5 hadi 8, na watoto hao huwa tayari kuzaa wakitimu majuma 6 hivi. Ndiyo maana aliyeona panya mmoja Septemba na kumpuuza huwa na kundi zima kabla ya Krismasi.

Kutafuta mwanya

Panya mdogo hupenya katika tundu lenye upana wa milimita 6 au 7. Kipimo rahisi ni penseli: inapoingia, panya naye anaingia. Panya mkubwa anapokuwa mchanga hahitaji zaidi ya sentimita moja na nusu.

Mianya hutafutwa mara mbili. Mchana, mtu huingia ndani, akafunga milango na madirisha yote na kusimama kimya hadi macho yazoee giza. Kila mahali mwanga unapopenya ni pa kutiwa alama ya chaki. Usiku kazi hugeuzwa: taa huwashwa ndani na mwingine huzunguka nje akitazama.

Ikiwa bado haijulikani wanapopitia, jivu laini au unga hunyunyizwa kando ya kuta wakati wa kulala. Asubuhi nyayo na mburuzo wa mkia huonyesha walikotoka. Jivu ni bora kuliko unga, maana unga wenyewe ni karamu.

Udhaifu wa nyumba ya mbao

Katika nyumba za mbao za nyanda za juu, mlango mkuu wa panya aghalabu si mlango. Ni upenuni, pale bati linapokutana na ukuta. Bati lina mawimbi na boriti iliyo chini yake imenyooka, kwa hivyo kila wimbi huacha tundu linalomtosha panya. Nyumba ya mita 8 huwa na matundu kama hayo mia moja kwa kila upande. Mafundi wengi huyaacha kwa kuwa hayaonekani kutoka chini, na mwenye nyumba huyakumbuka baada ya kusikia mbio darini.

Matundu hayo huzibwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, au kwa kipande cha bati kilichokatwa kufuata mawimbi. Pale ambapo hewa inahitajika, hutandazwa wavu wa waya mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Baadhi ya watu hutumia waya wa kuanikia kahawa kwa kuwa unapatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Si vibaya, mradi matundu yake yapimwe kwanza kwa penseli ile ile.

Sehemu ya pili ni chini. Mbao zilizopigiliwa zikiwa mbichi hukauka na kusinyaa, na baada ya mwaka mmoja au miwili nyufa hutokea kati ya ubao na ubao. Ubao unaogusa udongo huoza, na panya hutafuna palipooza. Suluhisho ni bati tambarare la kimo cha sentimita 30 au zaidi kupigiliwa kuizunguka nyumba yote sehemu ya chini, ncha yake ikifukiwa ardhini kiasi au kuunganishwa na msingi wa mawe kwa saruji.

Mlango nao husagika kizingitini. Mwanya uliopo chini yake usizidi milimita 6, na ubao wa chini ufunikwe kwa bati pande zote mbili. Kipande cha gunia au raba kinachowekwa kuzuia upepo hakimzuii panya hata kwa usiku mmoja.

Yasisahauliwe matundu ya mabomba ya maji na nyaya za umeme. Fundi hutoboa tundu la sentimita 5 ili kupitisha waya wa sentimita 1, kisha akaondoka. Kando na kuwa njia, nyaya hizo zikitafunwa huweza kusababisha moto, na nyumba ya mbao haihitaji cheche nyingi.

Kuna jambo jingine linaloonekana kama starehe tu. Nyumba nyingi za mbao hupambwa kwa ndani kwa maboksi, nailoni, magazeti au mbao nyembamba ili kuzuia baridi. Kati ya ukuta wa nje na pambo hilo hubaki nafasi yenye joto, giza na utulivu, ambayo paka haifikii na mkono wa mtu haufiki. Panya hawezi kujengewa nyumba nzuri kuliko hiyo.

Mkasa uliotokea Marekani mwaka wa 2012 ulidhihirisha hatari ya nafasi ya aina hiyo. Katika Mbuga ya Taifa ya Yosemite, jimboni California, watalii 10 waliambukizwa virusi vya hanta vinavyoenezwa na panya, na 3 kati yao wakafariki. Karibu wote walikuwa wamelala katika vibanda vya turubai vilivyokuwa na kuta mbili ili kuzuia baridi, na kuta hizo zilipofunguliwa viota vya panya vilikutwa katikati. Vibanda hivyo 91 vilibomolewa. Aina ya panya waliohusika haipo Kenya, lakini ukuta wa namna ile upo katika maelfu ya nyumba za hapa nchini. Anayetaka pambo la ndani na aliweke, ila aanze kwa kuziba ukuta wa nje na ncha za juu na chini za nafasi hiyo.

Vifaa vinavyofaa na visivyofaa

Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua. Ya panya mkubwa hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na asipoyasaga kwa kutafuna humdhuru mwenyewe. Kwa sababu hiyo hutafuna mbao, plastiki, raba, risasi laini na hata saruji ambayo haijakauka sawasawa.

Kuziba tundu kwa kitambaa, karatasi, matope au povu la kunyunyizwa ni kumpa kazi ya dakika chache. Tundu dogo hushindiliwa waya laini wa kusugulia sufuria, kisha hupakwa saruji juu yake. Waya peke yake huota kutu na kubomoka baada ya miezi kadhaa. Mafundi wa zamani huchanganya vipande vya chupa na saruji, na mbinu hiyo ingali inafaa katika matundu ya ardhini, mbali na miguu ya watoto.

Nje ya nyumba

Kuni ndizo zinazoponza wengi. Huwekwa chini ya upenu na kuegemezwa ukutani ili zisinyeshewe, na hivyo panya hupata kiota na ngazi kwa pamoja. Zinafaa kuwekwa mbali na nyumba, juu ya jukwaa lililoinuka sentimita 30 au zaidi.

Nyasi zikatwe, na ukanda wa mita moja kuzunguka ukuta uachwe wazi au umwagiwe kokoto. Panya huogopa kuvuka mahali peupe kwa sababu ya ndege na paka. Matawi ya mparachichi au mti mwingine yanayoinamia paa yakatwe yasifike karibu, kwani panya wa paa huruka kutoka tawini bila shida.

Banda la kuku lililopakana na ukuta wa nyumba ni tatizo la pekee. Chakula cha kuku kinachobaki usiku ndicho kiwaletacho panya. Wakishafika hapo, umbali hadi jikoni ni ukuta mmoja tu.

Ghala

Mababu waliujua ukweli huu kabla ya kuja kwa mabati. Ikumbi ya Wakikuyu na dero la Waluo ziliinuliwa kutoka ardhini. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi wizi umewalazimisha wakulima wengi kuhamishia magunia ndani ya nyumba wanamolala, na panya wakahama nayo.

Anayejenga ghala la nje anafaa kuliinua mita moja kutoka ardhini, kwa kuwa panya mkubwa huweza kuruka karibu kimo hicho. Kila nguzo huvishwa bati lenye umbo la sahani au faneli iliyogeuzwa, karibu na sakafu ya ghala, likichomoza sentimita 25 kila upande. Panya anayepanda hukwama chini yake. Ngazi iondolewe kila baada ya kutumiwa. Bati zote hazina maana ikiwa ngazi imeachwa hapo usiku kucha, au jembe limeegemezwa.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Ghala lililozibwa kabisa dhidi ya panya huku mahindi yakiwa na unyevu huwa kiwanda cha kuvu. Mwaka wa 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317 hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, wakafariki 125. Mahindi yakaushwe hadi unyevu upungue chini ya asilimia 13.5, na madirisha ya ghala yafunikwe kwa wavu badala ya kuzibwa.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa na kuiacha kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi.

Kwa nafaka iliyokauka, pipa la chuma au debe lenye kifuniko ndilo salama zaidi. Mifuko isiyopitisha hewa imewasaidia wakulima wengi dhidi ya dumuzi, lakini panya huitoboa kama gunia lingine lolote, na ikishatobolewa hewa huingia na wadudu hufufuka. Haifai kuachwa katika chumba ambacho hakijazibwa. Magunia yote yapangwe juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani, ili mtu aweze kupita nyuma yake na kufagia.

Mitego kabla ya sumu

Baada ya mianya kuzibwa, wachache watabaki wamefungiwa ndani. Hao ndio wa kutegewa. Mtego wa kubana unatosha, na kinachowashinda wengi ni idadi na mahali. Mtego mmoja katikati ya chumba ni bure. Mitego sita au zaidi kwa usiku mmoja, ikiwekwa kando ya ukuta huku upande wa chambo ukiugusa, hufanya kazi kubwa kuliko mtego mmoja kwa mwezi mzima.

Panya mdogo ni mdadisi na huujia mtego usiku wa kwanza. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Huyo awekewe chambo kwa siku tatu au nne mtego ukiwa haujategwa, hadi azoee. Njugu zilizosagwa au omena huwavuta kuliko jibini inayochorwa katika vitabu vya watoto. Mitego ya gundi hukamata, lakini mnyama hufa polepole kwa mateso, na vifaranga na mijusi hunaswa pia.

Paka husaidia kuwatia panya hofu, ingawa hawezi kuingia ndani ya ukuta. Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuwafukuza kwa sauti wasiyoisikia binadamu havijathibitika kuwa na faida ya kudumu, kwani panya huizoea sauti hiyo.

Sumu ibaki kuwa hatua ya mwisho. Zipo zinazozuia damu kuganda, ambazo huua baada ya siku kadhaa, na panya hufia ukutani na kuinukisha nyumba kwa majuma. Zipo zenye zinki fosfaidi, ambazo hutoa gesi hatari tumboni na hazina dawa ya kuzizimua. Zinazouzwa bila nembo mitaani na ndani ya matatu ni za kuepukwa kabisa, maana mnunuzi hajui amebeba nini. Dawa halali huwa imesajiliwa na bodi ya kudhibiti dawa za wadudu nchini, PCPB, na pakiti yake hueleza kilichomo. Mtoto akila sumu, apelekwe hospitalini mara moja pamoja na pakiti hiyo. Daktari anaweza kutumia vitamini K kwa aina ile ya kwanza, lakini ni lazima ajue ni ipi.

Sumu humfuata pia bundi anayekula panya aliyekwisha kuila. Ndege huyu husingiziwa uchawi na kufukuzwa kwa mawe katika sehemu nyingi za nchi, ilhali jozi moja inayolea makinda hukamata panya kadhaa kila usiku bila malipo.

Usafi baada ya kazi

Nairobi ilipokuwa mji mchanga wa reli, mwaka wa 1902, tauni ilizuka katika eneo la maduka ya Wahindi na wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru eneo hilo litiwe moto. Siku hizi tauni ni nadra nchini. Linalotokea zaidi ni homa ya leptospira, ambayo huenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine kupitia maji au mikwaruzo ya ngozi.

Kwa hivyo kinyesi cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu, hasa katika nyumba au ghala lililofungwa kwa muda. Milango na madirisha hufunguliwa kwa nusu saa kwanza. Kinyesi na viota hurowanishwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji, na kuachwa kwa dakika tano. Kisha hufutwa kwa karatasi au kitambaa, mikono ikiwa na glavu au mifuko ya plastiki, na vyote vikafukiwa au kuchomwa.

Penseli na chaki zirudi kazini kabla ya Juni na tena kabla ya mavuno. Mbao huendelea kusinyaa, misumari hulegea, na mwanya uliozibwa mwaka huu huenda ukafunguka mwaka ujao, hatua mbili kutoka hapo ulipokuwa.